Sauti Ambayo Kinanda Hakina

Fundi mitambo alikata kipande cha selotepu kwa meno, akakibandika juu ya tundu la ilimba, kile kisanduku cha vyuma kinachopigwa kwa vidole gumba.

Akabandika na cha pili. "Inakwaruza," alisema, bila ubaya wowote, akarudi kwenye mikseri yake. Tulikuwa kwenye mazoezi ya tamasha la kwaya hapa Dodoma mjini. Kwaya kubwa, kinanda, ngoma, binti mmoja na violini yake, na mzee wa Kigogo aliyealikwa na ilimba ili wimbo wa kufungulia uwe na "ladha ya nyumbani". Kabla ya hapo mwalimu wa kwaya alikuwa amebonyeza sauti moja kwenye kinanda na kuishikilia, huku mzee akisukuma na kuvuta vile vyuma, kimoja baada ya kingine, kwa mpini wa bisibisi aliyoazimwa, mpaka ilimba ikakubaliana na kinanda.

Wimbo ulitoka vizuri. Waliokuwepo walipiga makofi. Mimi niliondoka na kitu kimenikaa kooni, na wiki zimepita hakijashuka.

Mwanzoni sikuweza kusema ni nini hasa. Hakuna aliyemkosea mzee adabu. Aliamkiwa, akapewa kiti, akapewa soda. Mwalimu wa kwaya ni mtu ninayemheshimu, na nia yake ya kuchanganya muziki wa nota na muziki wa kwao ni njema kabisa. Hata hivyo ilimba iliyoingia mlangoni na ilimba iliyosikika kwenye spika hazikuwa moja.

Kilichozibwa

Anayeijua ilimba ya Kigogo anajua kwamba yale matundu hayakutobolewa kwa ajili ya pambo. Hufunikwa na kiutando cheupe, kile ambacho buibui hufunikia mayai yake ukutani. Chuma kikilia, utando unatetemeka, na sauti inatoka ikiwa na mvumo juu yake. Fundi wetu aliusikia mvumo huo kama hitilafu. Mtengenezaji wa ilimba alihangaika kuutafuta utando huo kwenye pembe za nyumba.

Kuna na jambo lingine ambalo jicho haliligundui upesi. Kwenye ilimba kubwa, vyuma vingi havipigwi kabisa. Vimewekwa ili viitikie. Ukipiga kimoja, vile vyenye undugu naye wa sauti vinaamka vyenyewe na kuvuma. Hukwe Zawose, mpiga ilimba maarufu wa Kigogo, alikuwa na ilimba yenye vyuma zaidi ya 60, na vidole gumba vya binadamu ni viwili tu. Vingine vyote vilikuwa kwaya yake.

Sasa sogeza vyuma vinavyopigwa ili vifuate kinanda, na hivi vya kuitikia uviache vilipokuwa, kwa sababu muda wa mazoezi ni mfupi na watu wanasubiri. Havina tena cha kuitikia. Vinanyamaza. Selotepu inamalizia kilichobaki.

Ustadi wa mzee haukupungua hata chembe. Tulichokisikia ni vidole vyake bila chombo chake.

Ya saba

Naomba niingie kidogo kwenye ufundi, kwa sababu hasira yangu bila ufundi ingekuwa manung'uniko tu.

Chukua tarumbeta lisilo na vitufe, lile la skauti au la jeshi. Ukilipuliza ukizidi kukaza midomo, linapanda ngazi yake lenyewe. Ngazi hiyo hukuipanga wewe wala aliyelitengeneza. Kwa wanaosoma solfa: do, mi, so, halafu inakuja sauti moja ngeni, halafu do ya juu, re, mi. Ile ngeni ni ya saba ukihesabu kutoka ile ya chini kabisa. Inakaribiana na "ta", yaani ti iliyoshushwa nusu-toni, ila iko chini ya "ta" ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusu-toni. Wapuliza tarumbeta wa okestra hufundishwa kuikwepa au kuirekebisha.

Wagogo wameujenga muziki wao wakiwa nayo ndani.

Gerhard Kubik, mtafiti kutoka Austria, alieleza kwamba ngazi ya Kigogo inatokana na sauti hizi za asili, na kwamba sauti ya pili katika uimbaji hupatikana kwa kuruka moja katikati: wewe ukikaa hapa, mimi naruka moja na kukaa inayofuata, tukaenda hivyo pamoja. Mhispania Polo Vallejo, ambaye mwenyewe ni mtunzi, ametumia miaka mingi ya kazi yake kuzisikiliza na kuziandika nyimbo hizi. Lakini si lazima usome kitabu. Nenda Chamwino siku za tamasha la muziki wa Cigogo, usimame karibu na kina mama wa ngoma ya muheme, ngoma zimebanwa katikati ya mapaja, mmoja akianzisha na wenzake wakidaka. Hakuna aliyegawiwa alto. Hakuna aliyepewa karatasi. Na ile ya saba ipo, imesimama katikati ya wimbo wazi kabisa.

Kinanda kimeigawa oktava vipande 12 vilivyo sawa. Ni uvumbuzi mkubwa na sina ugomvi nao. Bila huo tusingekuwa na nusu ya muziki ninaoupenda. Ila ndani ya vipande hivyo 12, ya saba haimo. Kwa hiyo unapomwambia mpiga ilimba afuate kinanda, unamwomba aache sauti ambayo muziki wake umeiegemea.

Siku ile iliachwa, na wimbo ukaendelea.

Nilipoanza kujitilia shaka

Ningeandika makala hii mapema zaidi kama ningebaki na hasira ile ya kwanza. Kilichonichelewesha ni mashaka.

La kwanza ni hili: sisi tumeshachanganyika zamani. Wamisionari wa Kianglikana walifika Mpwapwa miaka ya 1870, na tangu hapo vizazi kwa vizazi vya Ugogo vimelelewa kwenye soprano, alto, tenor na besi. Wimbo wetu wa taifa umejengwa juu ya tuni ya Enoch Sontonga ya mwaka 1897, mtu wa Afrika Kusini aliyeandika kwa solfa. Padri Stephen Mbunga alikuwa akitunga misa kwa tuni za Kiafrika tangu miaka ya 1950. Mkristo wa Mvumi au Kongwa ambaye babu yake aliimba besi kanisani hawezi kuambiwa kwamba sauti nne si zake. Ni zake. Nami ningemkatalia yeyote anayesema vingine.

La pili lilikuja kupitia mpwa wangu, kijana mwenye sikio zuri anayepiga kinanda. Nilimsikilizisha ilimba ambayo haijaguswa na mtu wa mjini. Akasikiliza kwa makini, akasema, "Mjomba, hii haijatyuniwa." Hakuwa anadharau. Sikio lake linasema kweli kuhusu lilivyolelewa. Nikajiuliza: ninatetea sauti ambayo watoto wa hapa wenyewe wanaisikia kama kosa? Ninaitetea kwa faida ya nani?

La tatu ni Hukwe mwenyewe. Mzaliwa wa Ugogo, aliyechukuliwa na serikali ya Mwalimu Nyerere kwenda kupiga na kufundisha, akakaa Bagamoyo hadi kifo chake mwaka 2003. Huyu hakuwa mtu wa kuhifadhi kitu kwenye kabati la kioo. Aliongeza nyuzi kwenye zeze. Alitengeneza vyombo vikubwa kuliko vya waliomtangulia. Mwaka 2002 ilitoka albamu yake na Michael Brook, mpiga gitaa wa Kanada, iliyojaa gitaa la umeme na mitambo. Binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, Zawose Queens, walitoa albamu yao mwaka 2024 wakiwa mbele kabisa na vyombo ambavyo zamani wanawake wa ukoo hawakuvitangulia jukwaani. Kama familia hiyo imesogea kiasi hicho, mimi ni nani wa kulilia utando wa buibui?

Hapo nikasimama kwa muda mrefu.

Kilichonisogeza ni Zanzibar. Violini imekuwa ndani ya taarab kwa muda mrefu kiasi kwamba hakuna anayeiita mgeni. Nadi Ikhwan Safaa ni kikundi cha tangu 1905. Na violini ya taarab haikuwalazimisha watu waimbe kama kinanda. Iliingia kwenye maqam, zile ngazi za sauti za Kiarabu, ikajifunza kupiga sauti zilizoko katikati ya vitufe viwili, kwa sababu muziki ule unazihitaji. Chombo cha Ulaya ndicho kilichosogea. Kimefanya hivyo katika nchi yetu wenyewe, na hakuna aliyeona ni jambo la ajabu.

Kwa hiyo tatizo langu halikuwa mchanganyiko. Lilikuwa ni nani anasogea, na kama aliyebaki amesimama anajua kwamba mwenzake amesogea.

Waliokaa chumba kimoja

Nikaanza kusikiliza upya watu waliojaribu hili, nikiwa na swali hilo moja tu.

Toumani Diabaté wa Mali, aliyefariki Julai 2024, alipiga kora, chombo cha nyuzi cha Afrika Magharibi, na London Symphony Orchestra mwaka 2008; rekodi ikatoka 2021. Kuna sehemu humo zinanitoa machozi. Lakini kuna na sehemu ambapo nyuzi za okestra zinatandaza tu chini huku kora ikitembea juu, na ukiziondoa wimbo hautapungukiwa na kitu. Okestra ya watu wengi ina karatasi mbele yake. Haiwezi kugeuka ghafla kwa sababu mpiga kora ameamua kuingia kichochoroni.

Sasa mchukue Ballaké Sissoko, Mmali mwingine wa kora, na Vincent Ségal, Mfaransa wa cello, ndugu mkubwa wa violini. Albamu yao ya 2009 ilirekodiwa Bamako, kwenye studio ya Salif Keïta, usiku. Watu wawili, vyombo viwili. Kuna dakika ambapo cello inadonolewa kwa vidole na sijui tena nani anaongoza na nani anafuata. Hapo ndipo mahali pangu. Nimeirudia rekodi hiyo mara nyingi kuliko yoyote nyingine katika majuma haya, na kila mara ninachokisikia ni watu waliofahamiana kabla ya kubonyezwa kitufe cha kurekodi.

Béla Fleck, Mmarekani wa banjo, alipita huku kwetu mwaka 2005. Alipiga na Anania Ngoliga, mwanamuziki asiyeona ambaye zeze na ilimba ni kama viungo vya mwili wake, na alipiga na ukoo wa Zawose. Wazazi wake walimpa jina la Béla Bartók, mtunzi wa Hungaria, na hilo linanigusa, kwa sababu Bartók ndiye aliyezunguka vijiji vya Hungaria pamoja na mtunzi mwenzake Kodály tangu miaka ya 1900, na baadaye Romania, akirekodi nyimbo za wakulima kwa fonografu. Alisema kwamba kuchukua tuni ya kijijini na kuiwekea vinanda chini yake ni njia ya kwanza tu. Njia ya mbali zaidi ni pale mtunzi anapoufahamu muziki huo hadi ukawa lugha yake ya kuzaliwa, hata asipotumia tuni yao yoyote. Bartók alienda kwa watu. Hakuwaita ukumbini waje wamfuate.

Na kwa anayeniambia okestra haiwezi kufuata ya saba, namjibu kwa mtunzi György Ligeti. Katika konsheto yake ya violini ya miaka ya 1990 mwanzoni, violini moja na viola moja ndani ya okestra zinatyuniwa upya kufuata sauti za asili za nyuzi za besi kubwa. Mojawapo ni ya saba. Kule watu wanakata tiketi na kuvaa suti kwenda kuisikiliza sauti hiyohiyo ambayo huku tuliiondoa kwa bisibisi.

Kwa mzee, upande wa Chamwino

Binti wa violini alisomea muziki chuoni Makumira na sasa anafundisha watoto hapa mjini. Nilipomweleza kinachonisumbua, alinyamaza kidogo, kisha akasema na yeye alisikia. Ni yeye aliyependekeza twende kwa mzee.

Tulimkuta chini ya mwarobaini. "Mbukwenyi," alituamkia, binti akajibu kwa shikamoo kwa sababu Cigogo hana, mzee akacheka na kuitikia marahaba. Ilimba ilikuwa juu ya gunia, matundu yakiwa na utando mpya.

Nilitarajia alalamike. Nikamwuliza kuhusu siku ile, juu ya kusogeza vyuma.

"Hiyo si kitu," akasema. "Nasogeza kila siku. Mwimbaji akija na sauti ya juu nampandishia, mama akija na sauti nzito nashusha. Chuma kimewekwa kiende." Akanyamaza, akafuta vumbi kwenye sanduku kwa kiganja. "Ila yule kijana aliziba tundu bila kuniuliza ni la nini."

Basi. Hakuongeza neno.

Kisha binti akafanya jambo ambalo siku ya mazoezi halikufanyika. "Babu, yako inaanzia wapi?" aliuliza. Mzee akapiga chuma kirefu. Binti akazungusha kigingi cha violini, polepole, akiusikiliza waya mnene mpaka ukalingana nacho. Halafu akaugusa waya huohuo kwa ncha ya kidole, hakuubana, aliuwekea kidole tu, kwenye sehemu moja ya saba ya urefu wake, akapitisha uta.

Ikatoka sauti nyembamba, ya juu, safi.

"Hiyo hapo!" mzee akasema, akainuka kidogo kwenye kigoda, na kidole gumba chake kikawa kimeshaipata kwenye ilimba. Vile vyuma vya kuitikia vikavuma vyote.

Ya saba ilikuwa ndani ya violini siku zote. Imo katika kila waya uliokazwa, hapa na Vienna. Binti alipiga tena na tena, kisha akaanza kuitafuta kwa kubana waya kawaida, akishusha kidole chake kidogo chini ya mahali alipofundishwa. Mara ya kwanza kilirudi chenyewe mahali pa mazoea. Mzee alikuwa akitikisa kichwa: bado, bado, hapo. Walikaa hivyo mpaka jua likaondoka kwenye gunia, na mimi sikuwa na la kusema, wala sikutakiwa kusema.

Njiani nilifikiri sana juu ya maneno yake kwamba kusogeza si kitu. Sikubaliani naye moja kwa moja. Kwake si kitu kwa sababu anajua njia ya kurudi. Akifika nyumbani anarudisha vyuma na utando. Mpwa wangu hana njia hiyo. Akisikia ilimba iliyofuata kinanda pekee, hiyo ndiyo itakuwa ilimba kwake, na ile nyingine itabaki kuwa chombo kibovu. Kwa hiyo naendelea kuililia ya saba. Lakini mzee amenionyesha kitu kilicho mbele ya hapo, kwamba mtu huulizwa kuhusu chombo chake kabla hakijaguswa, na hapo sina ubishi naye.

Kama ningepanga mimi

Nimezungumza na mwalimu wa kwaya. Alinisikiliza kwa uvumilivu, na akanipa hoja ambayo siwezi kuipuuza: ana waimbaji wengi, wengi wao hutoka kazini jioni, na kinanda ndicho kinachowaweka pamoja. Kuwaambia leo washushe "ta" kidogo ni kuwachanganya. Ni kweli. Sauti za watu zinaweza kuifuata ya saba vizuri kuliko chombo chochote, lakini zinahitaji muda wa kuizoea, na muda ndicho kitu ambacho tamasha halina.

Basi muda utafutwe. Tamasha la Desemba lianze mazoezi Septemba, na mazoezi ya mwanzo yawe kijijini, bila kinanda, kwaya ikijifunza kwa kudaka kama kina mama wa muheme wanavyodaka. Violini ifuate ilimba. Kinanda kipumzike pale ilimba inapoongoza, kirudi pale kwaya inapoimba nyimbo zake. Hakuna sheria kwamba vyombo vyote vilie dakika zote. Fundi mitambo aje mapema, akae karibu na chombo, akisikilize kikiwa hakina maikrofoni, amwulize mwenyewe ni upande gani kinapumua. Mafundi wetu wana masikio mazuri. Hawajawahi kupewa nafasi hiyo.

Kwenye bango, jina la mpiga ilimba liandikwe kamili, kwa herufi za ukubwa uleule na za mwalimu na za violini, lisiishie "ngoma za asili". Kwenye rekodi, kama wimbo ni wake au wa kikundi cha kijiji chake, iandikwe hivyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inazitambua hata sanaa za jadi, kwa hiyo kuandika "wimbo wa asili" na kufunga faili hakutoshi.

Na malipo yake yatoke kwenye fungu lilelile la mpiga violini na mpiga kinanda, yakubaliwe kabla ya mazoezi ya kwanza, yasitolewe kwenye fungu la chakula na nauli.